Nguruwe Milioni 23, na Sikumwona Hata Mmoja

Jumamosi. Chicago hadi Walcott

Mzee alisema safari hii haiwezi kuanzia nyumbani kwake, lazima ianzie getini. Basi jana nikamfuata shambani Iowa, tukalala Chicago, na leo saa mbili asubuhi tulikuwa tumesimama mbele ya geti la mawe la Union Stock Yards, Mtaa wa Exchange. Geti tu. Soko lenyewe la mifugo lilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1865, likafungwa Julai 1971, na palipokuwa na mazizi sasa kuna maghala na viwanda. Juu ya tao pamechongwa kichwa cha fahali. Mzee, ambaye macho yake yameingia ukungu, aliniuliza kama bado kipo. Nikamwambia kipo. Akavua kofia, sijui kwa heshima ya nani.

Niseme tulivyokutana. Kazi yangu mjini Des Moines ni kupeleka wagonjwa kliniki na kuwarudisha makwao. Mzee ana miaka 80, nampeleka kwa daktari wa macho kila mwezi, na mwendo kutoka kwake karibu na Coon Rapids unazidi saa moja, kwa hiyo tumezungumza mengi. Nilipomwambia kuwa kwetu "mzee" ni neno la heshima, alikataa kuitwa jina lake tena. Jumanne iliyopita nilirudi kutoka likizo Moshi, nikakuta ujumbe wake: mwanawe anatakiwa kusaini upya mkataba wa nguruwe, miaka kumi mingine, na yeye kabla ya hapo anataka kuipita njia ambayo mifugo ya ukoo wao imepita. Analipa mafuta na hoteli. Nikakubali.

Alifika hapa mara ya kwanza mwaka 1953, ana miaka tisa. Baba yake alikuwa amepakia behewa zima la maksai, na kwa kawaida ya siku hizo mwenye mifugo alipewa nafasi ya bure katika behewa la mwisho la treni, pamoja na wahudumu. Walisafiri usiku kucha. Anachokumbuka zaidi si mazizi bali viatu vya baba yake: aliving'arisha kwa mate na kitambaa kabla ya kuonana na wakala wa kuuza, halafu wote wawili wakaingia kwenye tope hadi kwenye kifundo.

Mchana tukashika barabara kuu namba 80 kuelekea magharibi. Mto Mississippi tuliuvuka bila hata kupunguza mwendo. Usiku tumelala Walcott, kwenye kituo cha malori kilichoanza mwaka 1964 na kinachojitangaza kuwa kikubwa kuliko vyote duniani; kwa niliyoyaona sina sababu ya kubisha.

Wakati wa chakula Mzee alitoa mfukoni koleo dogo la chuma, meno yake yana umbo la herufi V. Anatembea nalo kama wengine wanavyotembea na rozari. Ni koleo la kutia alama masikioni. Kitoto cha nguruwe kikizaliwa unakata mapengo: sikio la kulia ni namba ya uzao, la kushoto ni namba ya kitoto katika uzao huo. Kulia kwa nguruwe, alisisitiza, si kulia kwako wewe unayemtazama. Kila pahala pana thamani yake: 1, 3, 9, 27, na ncha ya sikio la kulia ni 81. Alichora sikio kwenye karatasi ya kufutia mikono, akalikata mapengo matatu kwa koleo lenyewe, akanipa nisome. Tisa, tatu, moja. Uzao wa 13. "Umefaulu," akasema, na mhudumu aliyekuwa anapita akatuangalia mara mbili.

Mimi nami nikamfundisha neno "kitimoto", jina la mtaani kwetu la nyama ya nguruwe. Alicheka hadi akakohoa.

(Msomaji usiyemla mnyama huyu unisamehe. Nilikusudia kumtaja mara chache, nimeona haiwezekani.)

Jumapili. Waterloo

Hapa ndipo nilipoomba tupite mimi, si yeye. Waterloo kuna Wakongo wengi, na Jumapili kuna ibada ya Kiswahili. Mzee alikaa benchi la nyuma, akapiga makofi nje ya mdundo, akafurahi.

Mji huu ulijengwa na nguruwe. Kampuni ya Rath iliajiri maelfu ya watu hapa kwa miongo kadhaa, mishahara ikijenga nyumba, hadi ilipofilisika na kufunga mwaka 1985. Wafanyakazi walikuwa wameshainunua wenyewe ili kuiokoa, haikusaidia. Kiwanda cha sasa ni kingine, na kinaendeshwa kwa mikono ya watu waliokuja kutoka mbali: Wabosnia waliotangulia miaka ya 1990, kisha Waburma, kisha Wakongo. Mwaka 2020 zaidi ya wafanyakazi elfu moja wa kiwanda hicho waliambukizwa korona.

Baada ya ibada tulilishwa wali, maharage na sombe, yaani kisamvu. Mama mmoja kutoka Uvira, kazi yake ni kisu, zamu ya jioni, alitaka kujua mzungu wangu anafanya nini. Nikamwambia ni mfugaji wa nguruwe.

"Wa kweli?" akauliza. "Muzima muzima? Miye sijaonaka nguruwe muzima tangu nifike hapa, kaka. Miaka sita. Tunaonaka tu nusu-nusu, inapita juu imeanikwa."

Nikamtafsiria Mzee. Akaacha kula. Kisha akaniambia nimuulize kama mafuta ya mgongoni ni mazito au membamba siku hizi, na mama yule akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada, nafasi ndogo kabisa. Mzee akatikisa kichwa. Zamani, akasema, nguruwe alifugwa kwa ajili ya mafuta kama kwa nyama. Sasa wanamtaka mwembamba kama kijana wa jeshi. Wakaendelea hivyo, vidole na vichwa, mimi katikati na sahani yangu ikipoa.

Ndani ya gari ndipo wazo likanijia. Iowa ina nguruwe zaidi ya milioni 23 na watu milioni 3 na kidogo. Karibu theluthi moja ya nguruwe wote wa Marekani wapo hapa. Nimeishi jimbo hili miaka tisa na kazi yangu ni barabara. Nimewaona wangapi? Nikamwambia Mzee nitaanza kuhesabu.

Jumatatu. Njiani, na mnadani

Tulisafiri kutwa kati ya mashamba ya mahindi. Mashine za kuvunia zinafanya kazi huku taa zinawaka mchana kwa ajili ya vumbi. Nyumba nyingi za shamba hazina mtu. Nyingine hazipo kabisa, imebaki mistari ya miti iliyopandwa kukinga upepo, imezunguka mraba mtupu. Mzee hazioni, lakini anajua zilipo. "Hapo kushoto pana miti?" Ipo. "Walikuwa na watoto saba."

Nguruwe: sifuri.

Mchana tukasimama kwenye mnada wa ng'ombe. Ukiondoa baridi, ungedhani uko mnadani Weruweru kwetu: fimbo, mavi, kofia, wazee wanaojifanya hawataki kununua. Dalali anatiririka kwa kasi ambayo hata wazungu wenyewe wageni hawaielewi, na mnunuzi anakubali kwa kuinua kidole kimoja kilicholala juu ya goti. Mzee alikaa pale pale alipokaa na baba yake, safu ya tatu. Zamani kulikuwa na siku ya nguruwe hapa. Mwenye nguruwe kumi alikuja, mwenye mia alikuja, na bei ilitangazwa redioni saa sita mchana, baba yake akitaka nyumba nzima kimya. Siku hizi nguruwe wanaouzwa kwa kupatana bei siku hiyo hiyo ni wachache mno. Wengine wote wana mwenyewe tangu hawajazaliwa.

Tulikula pai ya tufaha. Nzuri kweli.

Jumanne. Shambani

Nimeamka na harufu. Sitaipamba: ni kali, inakaa kooni, na ukifika dukani mjini watu wanajua umetoka wapi. Ni majira ya kutoa samadi. Chini ya sakafu ya banda, ambayo ina mianya, kuna shimo refu linalopokea kila kitu mwaka mzima. Baada ya mavuno linanyonywa na samadi inadungwa ardhini kwa ajili ya mahindi ya mwakani. Mwanawe Mzee anaiita dhahabu. Mimi ninayekunywa maji ya Mto Raccoon huko Des Moines nina neno jingine, lakini nilikuwa mgeni. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya Des Moines ilizishtaki kaunti tatu za juu ya mto kwa sababu ya naitreti, kemikali ya mbolea na samadi inayoingia majini. Kesi ikatupwa mwaka 2017. Nilipoitaja, mwana akanijibu kwa upole kwamba naitreti nyingine ni ya mbolea ya dukani na mabomba ya kutolea maji mashambani. Ni kweli. Ila nimeona pia kwamba kisima chake anakipima kila mwaka.

Banda lenyewe ni refu, jeupe, halina dirisha upande wa barabarani, na feni kubwa mwishoni zinanguruma usiku na mchana. Nguruwe 2,400. Kwa nini 2,400? Kwa sababu ukifika 2,500 habari ya vibali inaanza. Ukipita kaunti hizi utaona mabanda mengi yamesimama hapo hapo, chini kidogo ya mstari.

Nilikuwa nimeshavaa viatu vya mpira nilivyoazimwa. Mwana akaja na karatasi. Umekuwa nje ya nchi ndani ya siku 14? Nikasema ndiyo. Wapi? Nikataja. Akashusha kalamu.

Homa ya nguruwe ya Afrika. Iliandikwa kwa mara ya kwanza kisayansi mwaka 1921, kutoka Kenya. Binadamu haimdhuru, ila nguruwe inamaliza, na haijawahi kuingia Marekani. China iliingia mwaka 2018 na kuua nguruwe kwa mamilioni. Mwaka 2021 ikafika Jamhuri ya Dominika, ambako kutoka hapo hadi Florida si mbali. Shangazi yangu Kibosho ana nguruwe watatu nyuma ya migomba, na wiki mbili zilizopita nilimsaidia kuwamwagia maganda ya ndizi. Nikamweleza mwana hivyo hivyo. Akaruka nyuma hatua moja, kisha akaona haya, akacheka. Mimi nami nikacheka. Lakini mlango sikuusogelea tena.

"Baba, na wewe," akasema. "Jana mlikuwa mnadani."

Mzee hakujibu. Ukitoka kwenye mifugo mingine huruhusiwi kuingia hadi muda fulani upite, na hata ukipita ni kuoga, kubadili nguo zote na kuacha viatu upande wa pili wa benchi. Tukabaki wote wawili nje, chini ya tangi la chakula, tukiwasikia. Wanasikika kama mvua ya mbali juu ya bati, na mara mmoja anapiga kelele, halafu mvua inaendelea. Mwana alituonyesha banda kwenye simu: joto, maji waliyokunywa tangu usiku wa manane, chakula kilichobaki. Feni zikisimama simu inalia, na kama hakuna mtu wa kuwahi, ndani ya saa chache wote wanakufa. Hajalala nje ya nyumba na mkewe usiku mmoja tangu Juni.

Na nguruwe si wake. Nguruwe ni wa kampuni, chakula ni cha kampuni, daktari ni wa kampuni. Chake ni jengo, mkopo wa jengo, na samadi. Analipwa kwa nafasi, kama mwenye gesti. Mkewe anafanya kazi shuleni mjini, hasa kwa ajili ya bima ya afya.

Jioni Mzee alitoa madaftari. Yapo ya babu yake, kwa penseli. Miaka ya 1960: nguruwe majike 20, vibanda vya mbao vya pembetatu vimesambaa malishoni, ng'ombe 40, kuku wa mama. Mahindi karibu yote yaliliwa pale pale nyumbani. Kwenye ukurasa wa Septemba 1959 kuna mstari mmoja nje ya hesabu: Khrushchev (kiongozi wa Urusi ya Kisovieti) amekuja Coon Rapids, shambani kwa mkulima Garst, vumbi barabarani kutwa. Na chini yake, majike watatu wamezaa.

Kisha miaka ya 1970, Warusi wananunua nafaka, serikali inawaambia wakulima walime hadi ukingo wa uzio, ardhi inapanda. Mwaka 1979 Mzee alinunua ekari 160 za jirani kwa mkopo. Mwaka uliofuata Marekani ikazuia nafaka kwenda Urusi, na riba za benki zikapita asilimia 20. Wastani wa ekari moja ya Iowa ulikuwa dola 2,147 mwaka 1981; mwaka 1986 ulikuwa dola 787. Daftari la mwaka 1985 lina kurasa nne tu zilizoandikwa. Zile ekari 160 zilirudi benki. Kilichookoa nyumba na shamba la zamani ni nguruwe: jike mmoja anazaa ndani ya siku 114, anazaa tena mwaka ule ule, na hundi inakuja kabla barua ya benki haijawa ya mwanasheria. Watu wa hapa walimwita nguruwe mlipa rehani.

Lakini ukurasa alionitaka niusome kwa sauti ni wa Desemba 1998. Viwanda vya kuchinja vilikuwa vimejaa, nguruwe wamezidi, bei ikaanguka chini ya dola 10 kwa pauni mia za uzito. Nikasoma: nguruwe 41, wastani pauni 250, dola 9. Nikapiga hesabu kichwani. Dola 22 na nusu kwa nguruwe mzima, kazi ya miezi sita.

"Krismasi ile," Mzee akasema, "paja moja dukani lilikuwa ghali kuliko nguruwe niliyempakia."

Chini ya ukurasa huo pameandikwa: majike yote, yameuzwa. Baada ya hapo ni kurasa tupu. Mwaka 1980 Iowa ilikuwa na mashamba yapatayo 65,000 yenye nguruwe. Sensa ya mwaka 2017 ilikuta hayafiki 6,000, na nguruwe wameongezeka. Banda jeupe lilijengwa mwaka 2001.

Niliuliza kama mwana atasaini. Atasaini Ijumaa. Ekari moja sasa inazidi dola 11,000, akisema aanze upya na nguruwe wake mwenyewe, aanzie wapi? Mzee alikuwepo akisikia. Alifunga daftari, akaomba chai.

Jumatano. Omaha, na kurudi kwa njia ya Denison

Omaha ilikuwa nje ya mpango, ila Mzee alisema baba yake alihama Chicago akaja huku, kama walivyofanya wengi. Mwaka 1955 soko la Omaha liliipita Chicago kwa ukubwa. Likafungwa mwaka 1999. Sioux City mwaka 2002, South St. Paul mwaka 2008. Limebaki jengo la ofisi za soko la mwaka 1926, refu, la matofali, na watu wamepanga vyumba humo. Binti mmoja alikuwa anatoka na mbwa. Hatukukaa.

Nilidhani ataka kulala. Badala yake, kutoka Omaha hadi Denison alizungumza mfululizo. Denison ndipo kampuni ya IBP ilipoanzishwa mwaka 1960, na wazo lao lilikuwa jepesi: badala ya kupeleka ng'ombe mjini kwenye machinjio ya ghorofa, jenga machinjio chini, kijijini, karibu na ng'ombe. Mwaka 1967 wakaanza kuikata nyama na kuipakia kwenye maboksi badala ya kuuza mizoga. Barabara kuu zilishajengwa, malori ya baridi yapo. Soko la Chicago lilikuwa limejengwa kwa ajili ya reli. "Hakuna aliyelifunga," Mzee akasema. "Watu waliacha tu kupeleka."

Kulikuwa kumeshaingia giza tulipoingia kituo cha mafuta Denison. Mbele yetu, kwenye pampu ya dizeli, lori refu la alumini lenye matundu ubavuni. Nilisikia kabla sijaona: ile mvua juu ya bati.

"Mzee," nikamwambia, "nimeacha kuhesabu sifuri."

Alishuka kabla sijazima gari. Dereva alikuwa ndani akinunua kahawa. Mzee akapapasa ubavu wa lori hadi mkono wake ukakutana na tundu, na pua yenye unyevu ikatoka kumnusa vidole. Pua ya waridi, ina madoa mawili meusi. Akaiacha imnuse. Akakwaruza taya ya yule mnyama kwa ukucha, taratibu, na ndani mmoja akaguna kwa raha.

"Washa simu," akaniambia. "Nisomee sikio. La kulia. Kulia kwake."

Nikamulika. Jicho lenye kope nyeupe lilinitazama, likafumba. Nikatafuta ukingo wa sikio kuanzia chini hadi ncha, nikamulika la kushoto, nikamulika la mwenzake aliyesukuma kichwa, na la mwingine nyuma yake.

"Hakuna kitu, Mzee. Masikio mazima."

"Yote?"

"Yote ninayoyaona."

Dereva akatoka, akatufokea tuondoe mikono, na alikuwa na haki. Mzee akamwomba radhi. Njia nzima hadi nyumbani alikaa ameweka mikono juu ya magoti, viganja juu, asiguse kiti wala mkanda. Mkanda nilimfungia mimi. Tulipofika alivua viatu na koti nje kwenye baridi, akavitundika juu ya uzio upande wa mbali na banda, akaingia ndani na soksi.